Radoni kwenye maji ya kisima: maswali ya wanaonunua nyumba Maine

Huwa nafuatana na watu wetu kwenda kukagua nyumba huku Maine, Marekani, kazi yangu kutafsiri. Wengi ni Wakongo, wapo Warundi na Wanyarwanda, na mara mojamoja Mtanzania. Habari za paa, nyaya za umeme na mtambo wa joto hawahitaji kuambiwa mara mbili. Mambo hukwama tukifika kwenye karatasi ya vipimo vya maji, kwenye ule mstari wa radoni. Haya ni maswali niliyoulizwa jikoni mwa nyumba za watu, ndani ya gari, na mengine usiku kwa WhatsApp, siku moja kabla ya kutia saini.

Radoni ni kitu gani?

Ni gesi. Haina rangi, harufu wala ladha. Mtu wa Goma haraka anaelewa, kwa sababu anajua mazuku: ile hewa nzito inayotoka ardhini ikatuama mabondeni, mbuzi anaingia kutafuta majani na hatoki tena. Radoni nayo hutoka ardhini na jicho haliioni. Mfanano unaishia hapo. Mazuku ni kaboni dioksidi na huua kwa dakika chache. Radoni haikufanyi hata ukohoe. Inachukua miaka, na ugonjwa wake mkubwa ni saratani ya mapafu.

Asili yake ni urani, madini yenye mionzi iliyomo mwambani. Urani huoza polepole mno mpaka ikazaa radiamu, na radiamu ikioza inatoa radoni. Radoni yenyewe haina maisha marefu: kila siku 3.8 nusu yake inakuwa imeoza na kugeuka chembe za poloni, risasi na bismathi. Ikumbuke hiyo siku 3.8, tutairudia tukifika kwenye vichupa vya kupimia maji.

Mbona tulipokuwa mjini hakuna aliyetuambia habari hii?

Mjini ulikuwa unakunywa maji ya ziwa. Portland na majirani zake wanapata maji ya ziwa Sebago, Lewiston na Auburn wanapata ya ziwa Auburn. Maji ya ziwa yako wazi, upepo unayapiga, na radoni kama ilikuwemo imeshapaa. Zaidi ya hapo, kuna watu wanaolipwa kuyapima kila wakati na kukutumia ripoti.

Ukinunua nyumba nje ya mji, kwenye kiwanja chenye miti na nafasi ya kulima lengalenga, maji mara nyingi ni ya kisima chako mwenyewe. Karibu nusu ya watu wa Maine wanaishi hivyo. Hakuna bili ya maji, na watu hufurahi sana wakisikia hilo. Lakini kampuni ya maji sasa ni wewe. Hakuna ofisi yoyote itakayokuja kupima kisima chako usipoiita.

Imeingiaje kisimani?

Chini ya sehemu nyingi za Maine kuna granaiti, na granaiti nyingi ina urani kidogo ndani yake. Kisima kinachochimbwa kwa mashine hushuka futi 200, 300 au zaidi kwenye mwamba huo, na maji yanaingia kupitia nyufa. Maji yale ni ya baridi na yamebanwa, kwa hiyo yanashika gesi kama soda isiyofunguliwa. Pampu inayavuta hadi kwako, unafungua bomba, na hapo ndipo chupa ya soda inapofunguliwa: bafuni mwako.

Kisima kifupi cha kuchimbwa kwa mkono, kile cha mduara wa mawe, mara nyingi hakina shida hii, ingawa kina zake (vyura na mbolea). Usitegemee pia matokeo ya jirani. Nyufa za mwamba hazifuati mipaka ya viwanja, na nyumba mbili zinazotazamana zinaweza kupishana mara kumi.

Nikiyanywa yatanidhuru?

Hili ndilo swali la kwanza la kila mtu, na jibu lake huwashangaza: hatari kubwa ya radoni ya maji haiko kwenye kunywa, iko kwenye kuvuta pumzi. Ukioga kwa shawa, ukiosha vyombo, mashine ya nguo ikizungusha, gesi inatoka majini na kubaki ndani ya nyumba. Ukiivuta, sehemu kubwa unaitoa tena. Zinazobaki ni zile chembe za poloni: zinang'ang'ania ndani ya mapafu na kurusha mionzi ya alfa. Mionzi hiyo haiwezi kupenya hata karatasi, lakini ndani ya pafu hakuna karatasi. Iko uso kwa uso na seli.

Shirika la mazingira la serikali ya Marekani, EPA, lilipiga hesabu kwa nchi nzima: vifo kama 168 kwa mwaka kutokana na radoni ya maji ya nyumbani. Asilimia 89 ya hivyo ni saratani ya mapafu kwa kuvuta gesi iliyotoka majini, na asilimia 11 ni saratani ya tumbo kwa kuyanywa. Weka pembeni yake vifo takriban 21,000 kwa mwaka ambavyo EPA inavihesabu kwa radoni yote ya hewa ya majumbani. Tofauti hiyo ndiyo inayonifanya nirudie kila mahali: usipime maji ukaacha hewa. Radoni nyingi huingia nyumbani moja kwa moja kutoka udongoni, kupitia nyufa za sakafu ya besimenti, kile chumba cha chini ya nyumba. Maji ni mlango wa pili. Kwenye nyumba nyingi ni mlango mdogo. Kwenye nyumba chache, hasa zilizokaa juu ya granaiti, ni geti lililo wazi.

Karatasi inasema pCi/L 12,000. Hiyo ni nyingi?

Herufi hizo ni pikokyuri kwa lita, kizio cha kupimia mionzi. Usiogope ukubwa wa namba. Kizio ni kilekile kwa maji na kwa hewa, lakini namba zake hazisomwi kwa mizani moja, na kosa ninaloliona zaidi ni mtu kulinganisha namba ya maji na namba ya hewa akazimia.

Shika kanuni moja: kila pikokyuri 10,000 ndani ya lita ya maji huongeza kama pikokyuri 1 kwenye lita ya hewa ya nyumba. Kwa hiyo 12,000 yako inaongeza 1.2 hewani. Kiwango ambacho EPA inataka uchukue hatua kwa hewa ni 4.

Sasa fanya hesabu yenye maana. Tuseme hewa ya nyumba imepimwa ikawa 5, na maji 20,000. Katika ile 5, kama 2 zimetoka majini na 3 zimetoka udongoni. Ukitibu maji unashuka chini ya 4. Tuseme nyumba nyingine hewa yake ni 12 na maji 5,000. Hapo maji yanachangia nusu ya pikokyuri tu. Ukinunua mtambo wa maji wa maelfu ya dola, hewa yako itabaki kumi na moja na ushee. Huyo aanze na bomba na feni la kunyonya gesi chini ya sakafu, maji yatafuata. Nimeona watu wakiuziwa mtambo wa maji kabla hewa haijapimwa hata siku moja, na sikufurahi.

Kwa mionzi ni kiasi gani hasa?

Chukua maji ya pikokyuri 10,000, sawa na 370 kwa lita ukipima kwa bekereli, kizio kingine cha mionzi. Yanaongeza bekereli 37 kwa kila mita ya ujazo ya hewa. Mtu anayekaa ndani saa 7,000 kwa mwaka (na wakati wa baridi ya Maine nani hakai ndani?) anapata kwa hesabu inayotumika sana karibu milisiveti 1 kwa mwaka (milisiveti ni kipimo cha mionzi inayoupata mwili). Hiyo ni kama picha kumi za eksirei ya kifua. Kuyanywa mabichi, tuseme nusu lita na zaidi kidogo kwa siku, kunaongeza kama robo yake. Kwa kulinganisha, mionzi yote ya asili ambayo binadamu wa kawaida duniani anaipata ni kama milisiveti 2.4 kwa mwaka, na nusu yake ni radoni.

Kwa hiyo si sumu ya leo kesho. Ni mzigo unaojijazia, na una ubaya mmoja: ukiuacha miaka thelathini ya mkopo wa nyumba, utakuwa umelipia vyote viwili.

Sheria inasemaje?

Kwa kisima cha mtu binafsi, serikali kuu ya Marekani haina sheria. Kwa maji ya umma EPA ilipendekeza mwaka 1999 kikomo cha pikokyuri 300 kwa lita, na kikomo mbadala cha 4,000 kwa majimbo yenye mpango wa kupunguza radoni ya hewa. Pendekezo halikuwahi kuwa sheria. Jimbo la Maine kwa visima vya watu linashauri uchukue hatua ukivuka 4,000. Ni ushauri, hakuna atakayekutoza faini. Ulaya kiwango cha rejea ni bekereli 100 kwa lita, yaani kama pikokyuri 2,700, na ukivuka 1,000 za bekereli, kurekebisha kunahesabiwa ni halali bila mjadala zaidi.

Kama bado unapanga, sheria ya Maine inamtaka mwenye nyumba ya kupangisha apime radoni ya hewa na akuonyeshe matokeo. Muulize. Wengi wetu hatuulizi kwa kuogopa kuonekana wasumbufu.

Napimaje maji?

Hapa usiharakishe, kwa sababu gesi haikusubiri. Maabara hukutumia vichupa viwili vidogo vya kioo, vya ukubwa wa chupa ya dawa ya sindano, vyenye kifuniko cha kukaza. Kuna maabara ya jimbo Augusta na za watu binafsi pia. Waambie unataka radoni ya maji, kwa sababu kipimo cha kawaida cha bakteria na naitreti hakina radoni ndani yake.

Fungua ile chujio ndogo ya mdomoni mwa bomba uitoe, kwa kuwa inachanganya maji na hewa. Afadhali zaidi utumie bomba lililo karibu na tangi la presha kule besimenti, kabla ya mashine yoyote ya kulainisha maji. Acha maji ya baridi yatiririke dakika kumi au zaidi, mpaka usikie pampu imewaka na bomba limekuwa baridi kabisa mkononi. Unataka maji yaliyotoka mwambani sasa hivi. Yaliyolala kwenye mabomba tangu jana hayakufai.

Weka karai au bakuli kubwa, ingiza mpira wa maji hadi chini, acha lijae na kumwagika. Zamisha kichupa ndani ya maji hayo, kijae kikiwa chini, na ukifunge kikiwa chini vilevile. Kisha kitoe, kigeuze kichwa chini, kigonge kwa kidole na ukiangalie kwenye mwanga. Ukiona kiputo cha hewa, hata cha ukubwa wa kichwa cha kiberiti, mwaga uanze upya. Radoni imeshahamia humo.

Andika tarehe, saa na dakika. Nilipopima kwangu mara ya kwanza niliandika tarehe tu, na maabara ikanirudisha nyuma: bila saa hawawezi kukadiria ni kiasi gani kimeoza njiani. Mara ya pili nilijaza vizuri sana, Ijumaa jioni, nikaviacha ndani ya gari. Ilikuwa Januari. Asubuhi vyote viwili vimeganda na kupasuka. Pima Jumatatu au Jumanne, peleka siku ileile.

Ukiwa unapima radoni, lipia pia kipimo cha urani na cha aseniki, ile sumu isiyoonekana majini. Visima vya Maine vina sifa mbaya ya aseniki, na hiyo ndiyo inayodhuru kwa kunywa kweli. Ningelazimika kuchagua kipimo kimoja tu cha maji kwa familia yenye mtoto mchanga, ningechagua aseniki.

Nikichemsha maji inaondoka?

Inaondoka majini na kuja jikoni kwako. Ukipika ugali au chai, gesi yote inapaa na mvuke, na chai yenyewe inabaki salama. Lakini lita moja ya chai si kitu ukilinganisha na shawa la watu sita asubuhi. Kuchemsha maji ya kunywa hakubadilishi kinachotoka bafuni. Jagi lenye chujio la kaboni nalo ni hivyohivyo: litasaidia glasi yako, halitasaidia pafu lako.

Nikifungua dirisha je?

Inasaidia, wakati wa kiangazi. Feni la bafuni nalo linasaidia, likiwa linatoa hewa nje kweli. Jaribu kwa kipande cha karatasi ya chooni uone kama inavutwa. Ila Februari kukiwa na baridi ya kupasua mawe hakuna atakayefungua dirisha, na Februari ndipo radoni ya ndani huwa nyingi.

Mtambo upi ni mzuri?

Ipo aina mbili. Ya kwanza inapiga hewa ndani ya maji: tangi lililofungwa, feni linasukuma mapovu mengi, gesi inatoka na kupelekwa kwa bomba hadi juu ya paa, na pampu ya pili inayasukuma maji safi ndani ya nyumba. Huondoa asilimia 99 na zaidi. Inagharimu dola elfu kadhaa, inatumia umeme, inaunguruma kama friji ya zamani, na maji yenye chuma kingi huiziba isipotanguliwa na chujio la tope. Hakikisha bomba linaishia juu ya paa. Likiishia ukutani chini ya dirisha la chumba cha watoto, umehamisha tatizo kwa gharama kubwa.

Ya pili ni tangi la kaboni, mkaa maalumu unaonasa radoni. Ni rahisi kuliko ya kwanza, na mafundi wengine wanaipendekeza haraka. Shida ni kwamba radoni iliyonaswa inaendelea kuozea humohumo, na baada ya wiki chache tangi lenyewe linatoa mionzi ya gama inayopenya ukuta. Ndani yake pia hujikusanya risasi-210, ambayo nusu yake huchukua miaka 22 kuoza, na ukitaka kuutupa ule mkaa unaweza kukuta jalala halitaki kuupokea. Kwa maji ya kiwango cha chini, sawa, likiwekwa mbali na mahali watu wanapolala. Kwa makumi ya maelfu, likatae.

Kabla ya kulipa, pima maji mara ya pili. Kiwango hupanda na kushuka kwa majira, na maelfu ya dola hayatolewi kwa kichupa kimoja.

Muuzaji anasema maji hayajawahi kuleta shida, wameyanywa miaka arobaini.

Anasema kweli, na haimaanishi chochote. Muulize kwa upole tarehe ya kipimo cha mwisho na uombe karatasi. Weka kipimo cha hewa na cha maji kama sharti kwenye ofa yako, kabla ya kutia saini ya mwisho, kwa sababu baada ya hapo gharama ni yako. Matokeo yakija juu, mara nyingi muuzaji hukubali kulipia au kupunguza bei. Si ukorofi, huku ni kawaida kama kupatana bei ya kitenge.

Mzee wa nyumba anavuta sigara. Inabadilisha kitu?

Inabadilisha karibu kila kitu. Kwa hesabu za EPA, kati ya watu 1,000 wasiowahi kuvuta wanaoishi maisha yao yote kwenye hewa ya pikokyuri 4, kama 7 watapata saratani ya mapafu. Kati ya wavutaji 1,000 kwenye hewa hiyohiyo, kama 62. Mama mmoja aliniomba nimtafsirie mumewe hilo mara mbili, ya pili kwa sauti.

Kweli hii ni mionzi ileile ya nyuklia?

Mwaka 1984 kule Pennsylvania, mhandisi Stanley Watras alikuwa akiziamsha kengele za mionzi za kituo cha nyuklia cha Limerick. Kituo kilikuwa bado hakijaanza kuzalisha umeme. Alikuwa akizipiga kengele asubuhi, akiingia kazini. Walipopima nyumba yake wakakuta hewa ya pikokyuri 2,700 hivi. Ilitoka udongoni, haikuwa ya maji, lakini ndiyo nyumba iliyoifanya Marekani iamke.

Na kule kwetu?

Fizikia haina pasipoti. Penye granaiti na kisima kirefu, radoni inaweza kuwepo. Kinachobadilika ni nyumba. Maji yakichotwa kwa ndoo, yakamiminwa kwenye pipa, yakalala siku mbili, gesi nyingi imeshatoka au imeshaoza. Madirisha yako wazi mwaka mzima, na besimenti hakuna. Kisima kile kile ukikiunganisha na nyumba ya Maine iliyozibwa kila tundu dhidi ya baridi, unapata hesabu nyingine kabisa.

Naweza kumwagilia bustani?

Mwagilia. Nje inapaa na upepo.

Nyumba niliyonunua ina mtambo tayari. Niuache?

Uache, lakini usiuamini bila kuuona. Shuka besimenti, weka kiganja kwenye bomba la kutolea gesi usikie kama linatetemeka, kisha usikilize feni. Nyumba moja tuliyoiingia mtambo ulikuwa mzuri kabisa, mpya, bomba limefika juu ya paa kama inavyotakiwa. Waya wake ulikuwa umechomolewa kwenye soketi, na mahali pake pamechomekwa friji ya nyama ya kulungu.